Uso Niliouona Mlangoni mwa Ghala

Vijana wangu, mkiniletea tena simu yenye picha ya mtu asiye na pua wala macho mkaniuliza, "Mama Ndeshi, huyu ni nani?", jibu langu mnalijua. Huyo ni mtu asiye na pua wala macho. Zaidi ya hapo sijui, na ninyi hamjui, na yule aliyeituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji akaandika chini yake "mwizi ndiye huyu" hajui kuliko sisi wote.

Najua mnaniona mchoyo. Mnasema bibi huyu alikaa miaka ishirini na tisa akitazama video, sasa amestaafu na anatufichia ujuzi. Siufichi. Nitauandika hapa wote, na mtashangaa ulivyo mfupi. Nitaandika pia namna nilivyomfukuzisha kazi kijana wa watu, jirani yangu wa Uru, kwa uso ambao haukuwepo. Hilo la pili ndilo nataka mlishike. Hilo la kwanza mashine zitawafundisha.

Kazi niliianzia mjini Moshi, kwenye studio ya video ya Mzee Shabani, karibu na soko. Bibi yake alikuwa Mmanga, babu yake Mnyamwezi, na yeye mwenyewe ukimuuliza kabila alijibu kwamba yeye ni mtu wa Moshi. Alipiga video za harusi za dini zote, na alikuwa na kikohozi kinachosikika kwenye kila kanda. Mpaka leo kuna ndoa nyingi huko mlimani ambazo padri akiuliza kama kuna mwenye pingamizi, anayejibu ni Mzee Shabani.

Mimi sikupiga picha. Nilikaa ndani nikikata kanda, yaani kuchagua kipi kibaki na kipi kiondoke, na kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuhakikisha kila shangazi ameonekana. Bibi harusi akikosekana dakika tano hakuna aliyelalamika. Shangazi akikosekana ulikuwa ugomvi wa ukoo.

Tulipiga harusi moja Machame mwezi wa saba. Ukungu wa kule mwezi wa saba mnaujua, hata ng'ombe wako humtambui mpaka akusukume. Jenereta nayo ilikuwa ya kuazima, ikawa inapumzika inapojisikia. Wiki iliyofuata shangazi wa bwana harusi alishuka mpaka studio.

"Sijajiona," akasema.

"Shikamoo mama. Ulikuwepo tangu mwanzo?"

"Nilicheza."

Akakaa kwenye benchi letu siku mbili, na chupa yake ya chai. Siku ya pili mchana nikampata. Pembeni kabisa mwa picha, nyuma ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kulikuwa na mkono ulioshika pochi nyekundu, unapanda na kushuka kwa kufuata muziki. Uso hakuna, kichwa hakuna. Nilimwonyesha huku naogopa. Akatazama kwa muda, akasema, "Ndiye mimi. Hiyo pochi alininunulia marehemu mume wangu." Akakunja kitenge chake akaondoka ameridhika kabisa.

Mzee Shabani akaniambia hilo ndilo somo, nilishike. Alikuwa na kadi ya mwaliko ya harusi iliyovunjika, aliihifadhi kwa sababu karatasi yake ilikuwa ngumu, na alipotaka kumtambua mtu kwenye picha mbovu aliibandika juu ya kioo cha televisheni, pale penye kichwa cha mtu huyo.

"Funika kichwa kwanza," alisema. "Tazama miguu, inajua inakokwenda au inapapasa? Tazama mkono upi unaofanya kazi. Tazama anachokijua na asichokijua. Ukimaliza yote, funua. Uso uje mwisho, Mama Ndeshi. Uso ukija wa kwanza unakalia kiti, na ukishakaa hauondoki."

Nilimsikiliza kwa miaka kumi na moja. Halafu kanda zikafa, Mzee Shabani naye akazifuata, na mimi nikaajiriwa kwenye ghala la kahawa nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Himo. Walitaka mwangalizi wa kamera mwenye uzoefu. Wakati ule hapakuwa na mwenye uzoefu Moshi nzima. Nikasema mimi ninao, nimeshatazama harusi kuliko mapadri wote wa jimbo, na hawakuwa na namna ya kubisha.

Ghala lilikuwa na kamera nane. Tano zilifanya kazi. Mbili zilikuwa maganda matupu ya kutisha wezi. Moja ilipigwa na upepo ikageuka, ikawa inalinda mgomba wa jirani, na kwa muda wa miaka mitatu hakuna aliyegusa mgomba ule. Hizo tano zilizobaki zilikuwa zimefungwa juu kwenye paa na fundi aliyedhani mwizi hushuka kutoka mbinguni. Ukifunga kamera juu hivyo unaona kofia na vipara basi. Nilifika mahali nikawatambua nusu ya wafanyakazi wanaume kwa vipara vyao, na nikikutana nao barabarani wamevaa kofia nilikuwa nawapita bila salamu. Kwa hiyo andikeni: kamera ikae usawa wa kichwa au juu yake kidogo, mahali ambapo mtu analazimika kutazama mbele, kama mlangoni. Isielekezwe kwenye jua wala kwenye taa, maana mwanga ukiwa nyuma ya mtu, mtu anakuwa kivuli chenye masikio.

Andikeni na buibui. Kamera ina joto, na usiku ina kijitaa chekundu cha kuonea gizani, wadudu wanakifuata, na buibui anawafuata wadudu. Buibui wa mlimani ni mfanyakazi kuliko sisi sote. Ukiusafisha utando wake leo, kesho asubuhi ameshaurudisha, na kukiwa na ukungu kila uzi unashika umande. Safisha kila siku, kwa kitambaa kikavu cha pamba. Mimi nilisafisha kila Jumatatu. Kumbukeni hilo.

Na jambo la kukuza picha. Mtu akiona uso mdogo kwenye kioo, jambo la kwanza anataka ukuzwe. Meneja wetu alikuwa akisimama nyuma yangu akisema, "Kuza, kuza hapo." Kukuza picha mbovu ni kuongeza maji kwenye mtori: bakuli linajaa, lakini ndizi ni zile zile. Sasa hivi mna hizo programu za simu za kusafisha picha, unatia uso wenye ukungu, unatoka uso mzuri wenye kope. Nilijaribu kwa picha yangu mwenyewe ya zamani. Alitoka mwanamke mzuri sana, ambaye hajawahi kuishi popote. Mkimpeleka huyo kijijini mkauliza kama kuna anayemfahamu, atapatikana tu wa kufanana naye, na huyo maskini atakuwa na kazi ya kujieleza.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Mnajua kwetu ukikutana na kijana usiyemjua humuulizi jina. Unamuuliza, "Wewe ni wa kwa nani?" Akikutajia ukoo, unamtazama usoni na kusema, "Ndiyo, naona," hata kama huoni kitu. Mimi nilikuwa naona kweli. Nililelewa Uru, nimekwenda misiba yote na ubatizo wote, na nilizijua nyuso za koo zetu kuliko nilivyojua namba zangu za simu. Hawa wana masikio ya kubana. Wale kidevu chao kinaanza mapema. Ghalani vibarua wengi walitoka huko, kwa hiyo picha ikiwa mbovu kiasi gani, mimi nilitazama paji la uso, nikasema, "Huyu ni wa kwa fulani," na ikawa kweli. Mara ya kwanza ilikuwa kweli, ya pili kweli, ya nne kweli. Wakaanza kusema Mama Ndeshi hakosei. Meneja aliwaambia wageni, "Kamera zetu ni mbovu, lakini tuna Mama Ndeshi." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ile kadi ya Mzee Shabani niliyorithi niliitumia kuweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Miongoni mwa vibarua wa msimu alikuwamo Deo. Alikuwa na misimu sita ghalani, akipanga magunia na kugeuza kahawa, kijana mpole, akikusalimia anasimama kwanza. Nyumbani kwao na kwangu kunatenganishwa na mfereji. Babu yake alikuwa na paji pana lenye mkunjo mmoja wa wima juu ya jicho la kushoto, baba yake alizikwa nao, na Deo naye alikuwa nao tangu anabatizwa. Nilikuwepo akibatizwa, alikunja uso padri alipommwagia maji, na mkunjo ulikuwa pale pale. Parokiani walimwamini kiasi kwamba yeye ndiye aliyetunza ufunguo wa kigango, lile kanisa letu dogo la kijijini.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba kipima unyevu kilikosekana. Ni chombo kidogo cha kupimia kahawa kama imekauka sawasawa, kinaingia chini ya koti, na bila hicho msimu unasimama. Meneja akaja chumbani kwangu na mkuu wa ghala. Nikarudisha picha za kamera ya nne, inayotazama mlango wa stoo ya vipimo. Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, ndani ya ukungu, mtu mwenye koti la mvua la ghala, kofia ya koti imevutwa mbele, anafika mlangoni. Anainua kichwa. Sekunde moja. Halafu anaingia, halafu anatoka, halafu ukungu.

"Rudisha," meneja akasema. "Kuza hapo."

Nikarudisha, nikasimamisha pale alipoinua kichwa. Sikuhitaji kukuza. Paji pana, na mkunjo mmoja wa wima juu ya jicho la kushoto.

"Ni Deo," nikasema.

"Una hakika, Mama Ndeshi?"

"Baba yake nilimjua. Babu yake nilimjua."

Mkuu wa ghala akasema Deo leo amefika saa mbili, amechelewa saa nzima, si kawaida yake. Tukatazamana. Kuchelewa nako tukakuhesabu kuwa ushahidi.

Walimwita ofisini. Mimi sikushuka, nilibaki juu na vioo vyangu. Baadaye niliambiwa alisema, "Si mimi," na meneja akasema, "Kamera imekuona," naye akarudia, "Si mimi," na basi. Polisi hawakuitwa, kibarua wa msimu anaambiwa asirudi tu. Nilimwona akitoka getini kupitia kamera ya kwanza, akainua uso kuitazama. Ilikuwa Jumatatu, nilikuwa nimetoka kuifuta, jua limeshatoka. Sijawahi kupata picha safi ya uso wa Deo kama ile. Ungeweza kuhesabu vinyweleo vya nyusi chini ya ule mkunjo.

Mambo mlimani hayahitaji WhatsApp. Jumapili ya wiki ile ile kijiji kizima kilijua. Wiki ya pili katekista alimwendea Deo, kwa upole sana, akamwomba ufunguo wa kigango, akasema ni kwa muda tu. Mama yake akaacha kuja jumuiya. Mkewe akikutana nami mferejini aliinama kuchota maji hata kama ndoo imejaa. Nilijisikia vibaya, sitawadanganya, lakini nilijisikia vibaya kama daktari aliyetoa habari mbaya iliyo ya kweli. Nilisali kwa ajili yake, ili atubu.

Mwezi wa kumi na moja wenye ghala wakaleta kompyuta mpya yenye programu ya kutafuta nyuso. Fundi wake alikuwa dada mmoja kutoka Dar, jina lake Neema, ana kucha ndefu, na alichapa kwa kucha hizo haraka kuliko nilivyoweza kusoma. Akanieleza kwamba programu inapitia picha yenyewe, na kila inapokuta uso inauzungushia kisanduku cha kijani.

"Haisemi ni nani, Mama," alisema. "Inasema tu hapa pana uso. Sasa nipe picha za zamani tuijaribu."

Nikampa. Mashine ikaanza kazi. Ilimzungushia kisanduku mlinzi, sawa. Ikazizungushia nyuso za watu watatu waliochapwa kwenye kalenda ukutani. Ikalizungushia gunia lenye matundu mawili na mshono uliopinda. Halafu akapita mama mmoja wa kuchambua kahawa, amevaa kitenge cha jubilei kilichochapwa picha ya askofu, na mashine ikamhesabu kuwa watu tisa. Wanane kati yao walikuwa askofu.

Nilifurahi moyoni. Nikajua kazi yangu haichukuliwi na huyu. Nikamwambia Neema nitampa picha ngumu, picha niliyoitambua mimi mwenyewe, ili mashine ijifunze. Nikaitafuta ile ya mwezi wa saba na kumwekea.

Mtu wa koti akatokea, akafika mlangoni, akainua kichwa, akaingia, akatoka. Kisanduku hakikutokea.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha. Hakikutokea.

"Hapa hapana uso, Mama."

"Upo."

"Mashine haiuoni."

"Mashine yako imehesabu gunia kuwa mtu."

"Ndiyo," Neema akasema, wala hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Sasa fikiria, Mama. Gunia imeliona, na hapa haioni kitu."

Sikulipenda jibu lile. Kesho yake nilifika mapema kabla ya watu, nia yangu ikiwa kumwonyesha Neema mahali hasa pa kuweka kisanduku. Nikaipitisha video picha moja moja. Sekunde ile ina picha kumi na mbili. Kwenye picha ya sita Deo alikuwa pale, na mkunjo wake. Kwenye ya saba kichwa kilikuwa kimesogea kidogo kushoto, na mkunjo ulikuwa umebaki palepale hewani, hauna mtu.

Nikapitisha ya nane. Mkunjo upo, mtu hayupo chini yake. Nikarudi nyuma kabisa, kabla mtu hajafika. Mkunjo ulikuwepo tangu saa kumi na moja alfajiri, unangoja. Ulikuwa uzi wa buibui kwenye kioo cha kamera, umeshika umande. Lile paji pana lilikuwa mwanga wa taa ya mlangoni ukigonga kofia ya koti iliyolowa. Macho yalikuwa matone mawili. Na siku ile, kama nilivyowaambia, ilikuwa Jumatatu, na picha ilipigwa kabla sijafika na kitambaa changu. Utando ulikuwa wa wiki nzima.

Nikainama nikaichomoa kadi ya Mzee Shabani chini ya mguu wa meza. Meza ikainama. Nikafunika kichwa cha mtu yule nikaanza kumtazama upya, kama nilivyofundishwa.

Anafika mlangoni. Anaweka kiganja kwenye mlango, anausukuma. Hauendi. Anasukuma tena, kwa bega. Anarudi nyuma, anautazama, na hapo ndipo anapoinua kichwa. Halafu anaushika kitasa na kuuvuta.

Mlango ule unavutwa. Yeyote aliyefanya kazi ghalani siku moja anajua unavutwa. Deo alikuwa na misimu sita.

Nilikaa pale mpaka chai. Nililia kidogo, halafu nikawa na hasira, na aliyenikasirisha hakuwa mwingine ila mimi. Makoti ya mvua yalikuwa yananing'inia getini, anavaa anayetaka. Mnaniuliza mwizi alikuwa nani. Sijui. Mtu ambaye hakujua ule mlango, basi, na hiyo ndiyo habari yote iliyokuwamo kwenye picha tangu mwanzo. Mashine ya Neema haikunizidi akili, maana mtu anayeshindwa kutofautisha gunia na mlinzi hana la kunifundisha. Ila ilikuwa na bahati moja ambayo mimi sikuwa nayo. Haikumjua baba yake Deo.

Nilimwendea meneja nikamwonyesha. Alitazama mara mbili, akakuna shingo.

"Mama Ndeshi, msimu karibu unaisha."

"Najua."

"Tutamwita mwakani."

"Utamwita leo, kwa barua, na utaandika kwamba tulikosea. Na mimi jina langu liwepo."

Barua ikaandikwa, nzuri tu, na nakala ikaenda kwa katekista. Lakini barua ya ofisi haipozi jambo la namna hii kwetu. Jumamosi jioni nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba changu, shamba la nyumbani, nikakata jani la isale. Ninyi mliozaliwa mjini mnalijua kama ua la mpakani. Ni jani la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu, ukamwendea ukiwa umelishika, hana budi kukupokea, hata kama umemuulia ndugu. Nilikuwa sijawahi kulibeba maishani mwangu, na nilikuwa na miaka hamsini na minane.

Kesho yake baada ya misa nikavuka mfereji. Mama yake Deo alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Aliniona, akaliona jani, akaweka kisu chini. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Aliita tu, "Deo, kuna mgeni wako," akaendelea kukaa hapo hapo akilitazama lile jani.

Deo akatoka nyuma ya zizi, akanawa mikono kwenye ndoo, akaifuta kwenye suruali. Akasimama kwanza, ndipo akasalimia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Nikampa lile jani kwa mikono miwili, nikasema niliyokwenda kuyasema. Nilisema nilimtaja kwa uso usiokuwepo, nilisema buibui, nilisema mlango. Sikumtaja meneja.

Alilipokea kwa mikono miwili. "Nimelipokea, Mama. Mila ni mila, sina ruhusa ya kulikataa." Akalitazama kidogo, akampa mama yake alishike. "Ila naomba unionyeshe hiyo picha. Wote waliniambia nimeonekana, na mimi sijawahi kuiona."

Nilikuwa nayo kwenye simu. Tukakaa kwenye gogo, akaiinamia, akakinga mwanga kwa kiganja. Aliitazama mara tatu. Mara ya tatu aliisimamisha mwenyewe pale pale nilipoisimamisha mimi.

"Hata mimi naona ni mimi," akasema.

Niliinama naye nikaitazama upya.

"Kweli kabisa. Ni baba mtupu. Ningekuwa mimi ndiye wewe, ningesema ni Deo." Akanirudishia simu. "Lakini mimi ningeuliza. Ningesema, Deo, asubuhi ile ulikuwa wapi? Nilimwambia meneja nina karatasi. Akasema Mama Ndeshi ameshasema na Mama Ndeshi hakosei, kama karatasi itahitajika nitaitwa."

Mama yake alikuwa ameacha kumenya. Kuku walikuwa wanakula maganda na hakuna aliyewafukuza.

"Deo," nikasema, "asubuhi ile ulikuwa wapi?"

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, shati la Jumapili, akatoa karatasi ya zahanati iliyokunjwa mara nne. Mikunjo ilikuwa imeanza kukatika. Alikuwa akiihamisha kutoka shati hadi shati tangu mwezi wa saba. Nikaifungua juu ya magoti yangu, polepole, isichanike. Ilikuwa na tarehe ile ile, kufika saa kumi na moja na nusu alfajiri, jina la mtoto wake, homa, dawa alizopewa, na saa waliyoruhusiwa, saa moja na robo. Niliisoma yote kwa sauti, kutoka juu mpaka chini, pamoja na uzito wa mtoto, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekuwa ameisoma.